Maswali ya wasomaji: Plasta mdomoni, matone puani na mtoto anayekoroma

Safari hii barua karibu zote zimekuja na pua. Nadhani ni zile video za watu wanaolala wamejibandika plasta mdomoni, kila mtu ameziona na kila mtu anataka kujua kama ajaribu. Nimechagua barua chache, zilizouliza kitu kimoja nimezijibu pamoja. Wageni wajue tu mimi ni nesi, sio daktari, nimezeekea kwenye kliniki ya masikio, pua na koo, kwahiyo naeleza mambo ya jumla na wa kukupima ni yule atakayekuona kwa macho.

Shikamoo dada. Mume wangu analala mdomo wazi na anakoroma mpaka watoto wanasikia chumba cha pili. Kuna muda anakaa kimyaa, mi nahesabu moyoni, halafu anashtuka kama mtu aliyekabwa, anajigeuza, anaendelea. Asubuhi kichwa kinamuuma na mchana akikaa tu anasinzia. Sasa ameona video ya kubandika plasta mdomoni ili apumue kwa pua, akanunua, na juzi usiku alitaka kuanza nikaificha. Nimefanya vibaya? – Mke Asiyelala

Marahaba mdogo wangu. Hujafanya vibaya hata kidogo, endelea kuificha.

Niseme ukweli kwanza, hao watu wa video kuhusu pua hawajadanganya. Hewa ikipitia puani inapashwa moto na kulowanishwa, vumbi linanaswa kwenye vinyweleo na ule ute, mpaka ikifika kwenye mapafu iko karibu na joto la mwili. Halafu kuna gesi inaitwa naitriki oksaidi ambayo inatengenezwa kwa wingi kwenye sinasi, zile nafasi zilizo wazi ndani ya mifupa ya uso, watafiti wa Sweden ndio waliolionyesha hilo mwaka 1995. Ukivuta hewa kwa pua unaivuta na hiyo gesi, nayo inalegeza mishipa midogo ya damu kwenye mapafu ili damu ibebe oksijeni vizuri. Sio kitu cha mchezo, kazi ya gesi hiyohiyo kwenye moyo na mishipa ndo iliwapa wanasayansi watatu wa Marekani tuzo ya Nobel mwaka 1998. Ukipumulia mdomo sehemu kubwa ya hayo yote unayaruka.

Na usingizini kuna la zaidi. Mdomo ukiachama taya linashuka na kurudi nyuma, ulimi nao unarudi nyuma, ile njia ya hewa kule kooni inabana. Koo halina mfupa wa kulishikilia libaki wazi, linashikiliwa na misuli, na misuli ikilala inalegea. Hewa ikilazimisha kupita pembamba zile nyama laini zinatetemeka, hiyo ndo koroma yenyewe. Kwahiyo ndio, mtu mwenye pua iliyo wazi akipumua kwa pua usiku analala vizuri zaidi, hilo halina ubishi.

Ila mumeo sio huyo. Kilichonishtua kwenye barua yako sio koroma, ni ule ukimya unaouhesabu. Hiyo inaitwa apnia ya usingizi, yani koo linajifunga kabisa, kifua kinahangaika kuvuta hewa na hewa haipiti. Wanaopima wanahesabu kila pumzi inayokatika au kupungua sana kwa sekunde 10 au zaidi, halafu wanaangalia ni mara ngapi kwa saa moja. Kuanzia 5 mpaka 14 wanaita ndogo, 15 mpaka 29 ya kati, 30 na kuendelea ni kali. Hebu fikiria mara 30 kwa saa, ni kila dakika mbili, kila ikitokea oksijeni inashuka, ubongo unashtuka kumwokoa, yeye mwenyewe asubuhi hakumbuki chochote anasema nililala saa nane nzima sijui kwanini nimechoka. Watu wa hivyo presha inawapanda na saa nyingine haisikii dawa, mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika, na wengi wanapata ajali kwa kusinzia kwenye usukani.

Muulize pia usiku anaamka mara ngapi kwenda kukojoa. Wanaume wengi wanadhani ni tezi dume, kumbe zile nguvu za kuvuta hewa koo likiwa limefungwa zinauvuta moyo, moyo unatoa homoni inayoziambia figo zitoe maji. Nimeona watu waliotibiwa koo mkojo wa usiku ukapungua, walishangaa wenyewe.

Sasa mtu wa namna hiyo ukimfunga mdomo umemfungia mlango wa dharura. Tafiti za plasta zilizopo ni ndogondogo, za watu wachache, na wengi wanaochukuliwa ni wale wenye apnia ndogo ambao pua zao zinapitisha hewa vizuri. Mwenye pua iliyoziba, mwenye apnia isiyopimwa, aliyekunywa pombe, mwenye kichefuchefu, mtoto, hawa wote plasta isiwakaribie. Kuachama usiku mara nyingi kuna kitu nyuma yake, ama pua haipitishi ama koo linajifunga, na kitu hicho hakiondoki kwa gundi.

Cha kufanya. Mchukue video kwa simu, dakika chache za wakati wa ukimya na kushtuka, sauti isikike. Muonyeshe. Usimwambie unakoroma, mwanaume ukimwambia anakoroma anacheka, mwambie unaacha kupumua. Video hiyohiyo muende nayo kwa daktari, itaharakisha mambo kuliko maelezo yote, na muombe apangiwe kipimo cha usingizi. Ikithibitika, dawa inayojulikana zaidi ni mashine ya CPAP, ile inayosukuma hewa kwa barakoa ili koo lisijifunge, aliibuni Colin Sullivan kule Australia na ikatangazwa mwaka 1981. Wengine wanasaidiwa na kifaa cha kuvaa mdomoni kinachosogeza taya mbele. Kwa sasa alale ubavu, pombe ya usiku aache na vidonge vya usingizi pia maana vyote vinalegeza koo, kama uzito umezidi apunguze, na akiwa na usingizi asishike gari, hapo usimwonee haya.

Dada habari, mi natembea na kijichupa cha matone ya pua mfukoni kama mtu mwenye siri. Nilianza wakati wa mafua na sasa ni karibu mwaka. Bila matone silali, pua zote zinaziba nabaki napumulia mdomo, na siku hizi yanafanya kazi muda mfupi tu narudia tena. Daktari wa meno nae ananiambia meno yananitoboka kwa kasi, asubuhi ulimi unakuwa umekauka kabisa. Hivi vinahusiana? – Kijichupa

Vinahusiana kaka, na usijisikie vibaya, watu wa kijichupa ni wengi kuliko unavyodhani, kliniki tunawajua hata kabla hawajaongea kwa sababu mkono hautoki mfukoni.

Soma kichupa chako. Kama kimeandikwa oksimetazolini au zailometazolini, hiyo ni dawa ya siku 3, ukizidisha sana 5, basi. Inafanya kazi kwa kubana mishipa ya damu ndani ya pua, zile nyama zinasinyaa na hewa inapita, raha mustarehe. Tatizo ukiizoesha, dawa ikiisha nguvu mishipa inavimba kuliko ilivyokuwa mwanzo, unaweka tena, inavimba tena. Yani saa hizi kinachokuziba pua ni dawa yenyewe, mafua yalishaondoka zamani.

Kutoka humo kunawezekana ila wiki ya kwanza utanichukia. Wengi wanaanza na tundu moja, unaacha kabisa kuweka upande mmoja na ule mwingine unaendelea nao ili usiku upate pa kupumulia, ukishafunguka ule wa kwanza unaacha na wa pili. Muone daktari akuandikie dawa ya kupuliza ya steroidi ya puani, ile inayotuliza uvimbe, ikushikilie wakati unaacha, hiyo haina mchezo wa kukufunga kama matone, ila pia haifanyi kazi papo hapo, inataka siku kadhaa mpaka wiki mbili na kila siku bila kuruka. Watu wanapuliza mara mbili wanasema haifai wanaitupa. Halafu wanaipuliza vibaya, wanaelekeza kwenye ule ukuta wa katikati mpaka damu inatoka. Inamisha kichwa mbele kidogo, tumia mkono wa kulia kwa tundu la kushoto na wa kushoto kwa la kulia, elekeza upande wa nje kama unalenga sikio, vuta hewa polepole. Ukivuta kwa nguvu dawa yote inaenda kooni unaimeza.

Ila kuna swali la nyuma, kabla ya mafua pua yako ilikuwaje? Kama ni aleji ya vumbi, wale wadudu wasioonekana wanaokaa kwenye godoro na mito, fua mashuka kila wiki kwa maji ya nyuzi 60. Kama ni ukuta wa kati umepinda au kuna vinyama vimeota ndani, hapo ni daktari aangalie. Kuna jambo unaweza kujijaribu mwenyewe, simama mbele ya kioo, weka kidole kwenye shavu pembeni ya pua na livute taratibu kuelekea sikioni huku unavuta hewa. Ukisikia tofauti kubwa, huenda ule mlango wa pua wa mbele ndo mwembamba, na watu wa hivyo wanasaidiwa kidogo na zile plasta ngumu za kubandika juu ya pua. Hizo sina ugomvi nazo, ziko nje ya pua na hazikufungi kitu, ila apnia hazitibu.

Kuhusu meno, mate ndio mlinzi wake, yanaosha asidi na kurudisha madini kwenye jino. Usiku mate yanapungua kwa binadamu yeyote, sasa ukipumulia mdomo hata hayo machache yanakaushwa, vijidudu vinafurahi, harufu nayo inakuja. Mpaka pua ifunguke, piga mswaki kabla ya kulala kwa dawa yenye floraidi, tema lakini usisukutue kwa maji mengi, na baada ya hapo ni maji tu.

Dada, mwanangu ana miaka 5. Mchana mdomo wazi, usiku mdomo wazi na anakoroma kama mzee, anajigeuza kitanda kizima, shingo imelowa jasho. Alikuwa ameshaacha kukojoa kitandani sasa ameanza tena. Mwalimu analalamika hatulii na hasikii akiitwa. Mama mkwe anasema ni tabia, nimpige kikofi mdomoni kila nikimkuta ameuachia. – Mama wa Mkoromaji

Mama, usimpige. Mama mkwe tunamheshimu, ila hili sio tabia, mtoto hachagui kupumulia mdomo, anapumulia pale panapopita hewa.

Kwa umri wake cha kwanza kufikiria ni adenoidi, kinyama kilichopo nyuma kabisa ya pua juu ya koo, hata akikuachamia na tochi hukioni. Kila mtoto anacho, huwa kikubwa zaidi kati ya miaka 3 na 7 halafu kinasinyaa chenyewe, ila kwa wengine kinakua mpaka kinaziba njia, na tonsili zikiwa kubwa ndo kabisa. Mtoto anaekosa pumzi usiku hafanani na mtu mzima, mtu mzima anasinzia mchana, mtoto anakuwa na vurugu, haraka zote, hasira, hashiki anachofundishwa, anaitwa mtundu kumbe hajalala. Na kukojoa kitandani upya kunaendana kabisa na hilo.

Halafu hapo uliposema hasikii akiitwa, nimesimama. Adenoidi iko jirani na ule mrija unaopeleka hewa sikioni. Ukizibwa, maji yanajikusanya nyuma ya ngoma ya sikio na mtoto anasikia kwa mbali. Je anaongeza sauti ya televisheni? Anasema "nini?" kila saa? Mwambie daktari apime na masikio siku hiyohiyo, watu wengi wanapima pua peke yake wanaondoka.

Daktari wa masikio, pua na koo atamwangalia kwa kamera ndogo ya kupitisha puani au kwa eksirei. Wengine wanapewa dawa ya kupuliza kwa wiki kadhaa wanaona inaendaje, wengine wanafanyiwa upasuaji wa kutoa adenoidi, na mara nyingi tonsili pamoja nazo, inategemea amekosa pumzi kiasi gani. Usikae mwaka mzima unangoja isinyae yenyewe kama usiku kuna ule ukimya niliousema kwa Mke Asiyelala, au ngozi ya kifua inaingia ndani katikati ya mbavu akivuta hewa. Watoto waliokaa miaka mingi hivyo unaona mpaka uso unabadilika, kaakaa linakuwa jembamba na juu, meno yanabanana.

Na wazazi wengine mnaosoma hapa, mtoto mdogo akitoa uchafu wenye harufu kutoka tundu MOJA tu, hayo sio mafua, mafua hayachagui tundu. Ameingiza kitu, shanga, kipande cha sponji, mbegu. Kama unahisi ni ile betri ndogo bapa kimbia hospitali sasa hivi, sio kesho, inaunguza nyama za ndani kwa muda wa saa chache, na usijaribu kumwagia maji.

Naamka naona tundu la kulia limeziba, baadae la kushoto, yani yanapokezana. Kuna ugonjwa? – Kulia Kushoto

Hakuna. Pua za watu wengi zinapokezana hivyo, upande mmoja unavimba kidogo mwingine unafunguka, baada ya saa kadhaa wanabadilishana, daktari mmoja Mjerumani anaitwa Richard Kayser aliliandika hilo tangu 1895. Ukilala ubavu tundu la chini linaziba zaidi, ukigeuka linahama. Mtu mwenye pua nzima wala hagundui, ukiona unagundua sana huenda kuna uvimbe wa aleji juu yake. Kinachotaka daktari ni upande uleule mmoja kuziba siku zote, hasa ukitoa na damu.

Nimeshauriwa niwe naosha pua kwa maji ya chumvi kabla ya kulala. Natumia maji ya bombani, inatosha? – Msafi

Hapana, acha leo. Kuosha pua ni kitu kizuri sana, kinatoa vumbi na kamasi nzito na mimi nakipenda kuliko nusu ya dawa za dukani, ila maji ya bomba ni ya kunywa, sio ya kupandisha puani. Kuna amiba anaitwa Naegleria fowleri, ukimnywa hakufanyi kitu, akiingia kwa pua anaweza kupanda mpaka kwenye ubongo. Ni nadra mno lakini wanaompata karibu wote wanakufa, na maji ya kuchemsha yanamaliza hadithi nzima. Yachemke dakika 1, kama unaishi juu sana, mita 2000 na zaidi, iwe dakika 3, yaache yapoe mpaka vuguvugu. Au nunua yaliyotoneshwa, yale yameandikwa distilled. Weka kama nusu kijiko cha chai cha chumvi safi kwenye mililita 250, isiyo na madini joto ikipatikana maana ile nyingine inawasha. Ikiwaka sana chumvi imezidi au imepungua, maji matupu nayo yanachoma. Inama kwenye sinki, pumua kwa mdomo, ingiza tundu la juu yatoke la chini, usipenge kwa nguvu baada ya hapo. Kifaa kioshe na kikauke. Na fanya kama saa moja kabla ya kulala, ukifanya ukapanda kitandani palepale maji yatakushukia kooni usiku kucha. Kama unatumia dawa ya kupuliza, osha kwanza ndo upulize.

Kocha anataka nikimbie mdomo umefungwa mwanzo mwisho. Nashindwa. – Mkimbiaji

Ukikimbia taratibu pua inatosha. Ukiongeza kasi mwili unataka hewa nyingi kuliko pua inavyoweza kupitisha, mdomo unafunguka wenyewe na ndio kazi yake. Usijitese.

Nina mimba ya miezi 6, pua imeziba wiki nyingi bila mafua wala aleji, na nimeanza kukoroma, sijawahi maishani. Naweza kutumia matone? – Mama Kijacho

Hongera kwanza. Mimba yenyewe inaziba pua, homoni na ile damu iliyoongezeka mwilini vinavimbisha nyama za ndani, na kwa kawaida inaisha yenyewe ndani ya wiki mbili baada ya kujifungua. Matone ya kijichupa usijinunulie, soma yaliyompata kaka hapo juu, na kwa mjamzito kuna sababu zaidi ya kuuliza kwanza. Anza na maji ya chumvi, inua kichwa kwa mito, lala ubavu wa kushoto. Koroma iliyoanza na mimba iseme kliniki siku ya kwanza utakayoenda, usiione ni aibu ya kuchekwa, inatembea pamoja na presha ya mimba kwa baadhi ya kina mama, kwahiyo hakikisha wamekupima presha siku hiyo. Ukiwa na kichwa kinachouma sana, macho yanaona nyotanyota au uso umevimba, usingoje siku ya kliniki, nenda siku hiyohiyo.